Ramani ya Siku Tatu

Hilali katandaza karatasi mezani,
ile nyembamba inayoonesha mbao zilizo chini yake,
kaibana pembe nne: sahani, rimoti,
chupa ya dawa zangu, chungwa.
Anachora safari.
Miaka thelathini na moja kawachorea watu vyumba Maskati,
hajui kupanga jambo ila kwa rula.

Alhamisi kaiweka msingi: tutoke Ruwi alasiri,
tulale Kuriyati, ngome tuione kwa nje, taa zikiwashwa.
Ijumaa ndiyo sebule, pana, ya wageni:
kuba la Bibi Mariamu kule Kalhati,
lililobaki limesimama mji mzima ulipolala,
halafu Suri.
Jumamosi ni milango. Milango tu.
Kule Ayja, anasema, kuna mbao zimechongwa
hata patasi ikaona haya.

"Na jiko liko wapi?"
"Jiko gani?"
"La safari yako. Sioni jiko, sioni choo,
sioni pa mtu kunyoosha mguu.
Umejenga nyumba ya kutazamwa, Hilali."

Kiyoyozi kikakohoa. Nje lami inaiva.
Safari yenyewe ya Novemba, na leo ni Juni;
hupenda kupanga mbali, apate muda wa kufuta.
Tunagombana kwa Kiswahili,
Kiarabu tunawaachia watoto na benki.

Namjua mtu wangu. Mbele ya mlango
husimama kama aliyesahau alichotumwa,
akapapasa misumari, akahesabu maua ya nakshi,
mpaka mwenye nyumba afungue aulize kuna nini.
Namwambia, waliosema nyumba njema si mlango
walikuwa na magoti mabovu:
walitaka waingie ndani wakae.

Mimi jengo nalipima kwa baraza.
Jiwe limepoa?
Ukuta unapokea mgongo, au unausukuma?
Chokaa inaganda kwenye abaya?
Upepo wa bahari unaingilia dirisha lipi,
na ukishaingia, unatokea wapi?
Hayo hayamo kwenye rula.

Ndipo nikaona, kando ya kila jina,
tarakimu kwa penseli, hafifu, kama siri ya mtoto.
Kuriyati, kumi na tisa.
Sunaysila, arubaini na tatu, imekatwa mstari.
Mnara wa Ayja umekatwa mistari miwili,
na wa pili kaukandamiza hadi karatasi ikatoboka.
"Ghali hivyo?" nikasema. "Riali zote hizo kuona mawe?"
Akajikuna sikio.
"Si riali. Ni vidato."

Kumbe kawapigia walinzi, mmoja mmoja,
yeye asiyepokea simu hata ya dada yake Barka,
kawaomba watoke kivulini
wapande ngazi wakihesabu, wamrudie na jibu.
Mmoja kamuuliza, "Wewe mkaguzi wa serikali?"
Kamjibu, "La. Nina mke."

Sikusema kitu. Goti langu, lile la kushoto,
nililolitukana tangu Ramadhani,
likajiona bibi harusi.

Kisha nikamnyang'anya penseli.
Sunaysila nikairudisha.
"Nitapanda kumi. Kidato cha kumi nitakaa,
wewe utaendelea juu, utashuka unieleze.
Na usinidanganye kuhusu mandhari."
"Kidato cha kumi hakina kivuli."
"Umejuaje?"
Akanyamaza. Huyo mlinzi,
Mungu amlipe, kaulizwa na hilo pia.

Nikamenya chungwa, tukagawana.
Pembe ile ikakosa mzigo, karatasi ikajikunja,
Jumamosi ikaja kulala juu ya Alhamisi,
milango ya Ayja juu ya barabara ya Ruwi,
na hakuna aliyeinua mkono kuinyoosha,
mikono yetu ilikuwa na maji ya chungwa.